Mgeni wa Chumba cha Uani

Jina alilopewa na wazazi wake sisi majirani tulikuwa tumelisahau. Tulimwita Mama Karibuni, kwa sababu hata ukibisha hodi peke yako, mikono mitupu, yeye alikuitikia "Karibuni" kana kwamba umekuja na ukoo mzima. Siku moja nilimtania, nikamwambia, Mama, niko mmoja tu, hunioni? Akacheka.

"Hakuna mtu anayekuja peke yake," akasema. "Wewe hapo umekuja na uchovu wako na njaa yako, na hayo maneno uliyoyabana mdomoni. Nikikaribisha mmoja, hao wengine nitawaacha nje?"

Alikuwa mpokezi katika nyumba ya wageni inayotazamana na hospitali kuu. Ilikuwa nyumba ya chini yenye korido ndefu, milango ya kijivu huku na huku, na mwisho wa korido bafu la pamoja ambalo bomba lake halikupata kufungika sawasawa. Waliolala pale hawakuwa watu wa matembezi. Walikuwa watu waliokuja kuuguza jamaa zao, au wagonjwa wenyewe ambao hospitali iliwataka waje kila asubuhi lakini haikuwa na kitanda cha kuwapa. Waliingia na blanketi, birika, na picha za eksirei ndani ya bahasha kubwa. Wengine waliondoka na mgonjwa aliyepona, furaha ikiwasahaulisha hata kuaga. Wengine waliondoka na jeneza.

Kazi ile Mama Karibuni aliijua kwa moyo. Hakumuuliza mtu habari za mgonjwa kabla hajanywa chai. Aliyefiwa alimbebea begi mwenyewe mpaka barabarani, akasimama naye hadi gari lifike, bila kusema lolote la kufariji, maana alisema maneno ya kufariji ni kama maji ya moto: ukiyamwaga haraka yanaunguza.

Mwenye nyumba ile, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri, alikuwa mtu wa sauti ndogo na mpenda kusahihisha watu. Mara moja mgeni mmoja alisema mbele yake, "Mwenyeji wetu huyu ni mkarimu sana," akimwelekeza mkono Mama Karibuni. Tajiri akakohoa kidogo.

"Mwenyeji ni mimi," akasema. "Huyu ni mpokezi. Mwenyeji ana nyumba, mpokezi ana kiti."

Mama Karibuni alikuja na neno hilo nyumbani jioni ile kama kichekesho. Mumewe alikuwa seremala, karakana yake iko mbele ya nyumba yao, nasi tulikuwa tumekaa pale kwenye mbao tukipiga soga.

"Kumbe nimeoa kiti," seremala akasema. "Na mimi ninayekaa na mpokezi nyumbani, naitwaje?"

"Wewe ni mgeni uliyekataa kuondoka," mkewe akamjibu, nasi tukacheka mpaka mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao na miguu yake imevimba, akauliza kwa sauti kutoka ndani ni nani amekufa huko nje hadi watu wapige kelele hivyo. Mama mkwe huyo naye alikuwa na jina lake la kumwita mke wa mwanawe. Alimwita "mkarimu wa vya watu," kwa kuwa, alisema, ukarimu wa kweli unaanzia kwenye chungu chako mwenyewe, na chungu cha nyumba ile kilikuwa hakipoi kwa ajili ya wapita njia.

Watoto wao wakubwa walikuwa wamekwisha kuoa na kuhamia mbali. Nyumbani alibaki mmoja, binti aliyezaliwa wakati mama yake ameshagawa nguo zote za kichanga. Tulimwita Kitinda, kutokana na kitindamimba. Alikuwa na umri wa kung'oka meno, mwembamba, na maswali yake yalikuwa kama manyunyu: hayakulowanishi kwa mara moja, lakini hayaishi.

Mwaka ule, mvua zilipokaribia, aliingia kwenye nyumba ya wageni mwanamume mrefu mwenye mabega mapana yaliyoanza kuning'inia kama koti la mtu mwingine. Alikuwa mchimba visima. Maisha yake yote alikuwa ameyapitisha chini ya ardhi za watu, na sasa kifua kilikuwa kimemkamata. Hospitali ilimwambia ni kifua kikuu, kinapona, ila aende kila asubuhi akameze vidonge mbele ya nesi mpaka hapo watakapomruhusu kurudi kwao.

Alikuwa mtulivu, lakini kikohozi chake hakikuwa kitulivu. Vyumba vya jirani vikaanza kulalamika. Mtu mmoja akahama, mwingine akaomba kuhamishwa. Tajiri akamwita Mama Karibuni kwenye kaunta.

"Sina ugomvi na yule mtu," akasema. "Lakini mmoja anayekohoa anahamisha korido nzima. Mwambie."

"Nimwambie mimi, Tajiri?"

"Si wewe mpokezi? Anayepokea ndiye anayeaga."

Alikwenda akamwambia. Aliniambia baadaye kwamba alitamani yule mtu amtukane, lakini mchimba visima alikunja tu blanketi lake, akalikunja vizuri, kona kwa kona.

"Sawa, dada yangu," akasema. "Nimeshalala mahali pabaya kuliko kibaraza cha hospitali."

Mama Karibuni akatazama nje. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya upande, inayoingia mpaka ukutani.

"Daktari amesemaje kuhusu kuambukiza watu?" akamuuliza.

"Amesema nikimeza dawa sawasawa, ubaya unapungua."

"Umeshapungua?"

"Amesema unapungua."

Mama Karibuni akasema, "Chukua begi lako. Twende kwangu."

Seremala alikuwa akipiga randa walipofika. Aliweka randa chini, akamtazama mgeni kuanzia kichwani hadi viatuni, akamtazama mkewe, akaelewa kila kitu. Hakuwa mtu wa maneno mengi penye jambo zito. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akaenda uani kuhamisha mbao katika chumba alichokuwa akizihifadhia. Chumba hicho hakikuwa na dirisha, ila tundu tu juu ya ukuta, nalo lilizibwa kwa kipande cha bati ili mbao zisilowe.

Aliyepinga ni mama mkwe. "Mnaleta kikohozi kwenye nyumba yenye mtoto," akasema.

"Mama, yuko kwenye dawa," Mama Karibuni akamjibu.

"Yeye yuko kwenye dawa. Kikohozi kiko hewani."

Basi wakajiwekea masharti. Mgeni alipewa kikombe chake na sahani yake. Siku za jua alikula nje. Kitinda alikatazwa kukanyaga chumba cha uani, na siku za mwanzo alitii kabisa, akisimama mbali karibu na kamba ya nguo na kumrushia mgeni maswali kutoka pale. Chini ya kisima kuna nini? Unaogopa? Ukitaka kutoka unamwambia nani?

"Ukiwa chini kabisa," mchimba visima alimwambia, "mbingu yote inakuwa ndogo kama sahani. Wingu likipita, unaona kipande tu."

"Na ndege?"

"Ndege anapita kabla hujajua ni ndege."

Lakini ilikuwa majira ya mvua, na mtoto hawezi kusimama mvuani kwa ajili ya masharti ya watu wazima. Kwanza alikaa kizingitini. Halafu akaingia, akakaa juu ya mbao. Mama yake yuko kazini, baba yake yuko mbele na kelele za msumeno, bibi yake miguu haimbebi mpaka uani. Mimi nyumba yangu imepakana na ukuta ule, na niliwasikia mara nyingi: kitendawili, tega, kimya kidogo, halafu kicheko cha mtoto, na kicheko cha mwanamume kinachoishia kwenye kikohozi. Nilifurahi, ninakiri. Niliona ni jambo jema mgonjwa apate mtu wa kucheka naye.

Mvua zikapungua, na mchimba visima naye akapata nafuu. Mashavu yakajaa. Kikohozi kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha. Hospitali ikamruhusu aende akamalizie dawa kwenye zahanati ya kwao. Siku ya kuondoka mtaa mzima ulitoka. Kitinda alilia, akamng'ang'ania suruali. Mchimba visima akashika mikono ya seremala kwa mikono yake miwili.

"Ndugu yangu," akasema, "mtu anayekupa kiti ni mwenyeji. Ninyi mmenipa uhai. Sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje."

"Anaitwa jirani wa mbali," seremala akasema. "Nenda salama."

Kwa muda baada ya hapo Mama Karibuni alisifiwa kila kona. Wanawake bombani walisema utu bado upo. Hata Tajiri alimwita mbele ya wageni na kusema, nyumba yake ina mpokezi ambaye hata nyumbani kwake hafungi kazi.

Kisha Kitinda akapoa. Hakuugua, alipoa tu, kama chai iliyosahauliwa. Akawa anarudi shule na kulala. Chakula alikichezea. Jioni alikuwa na joto, asubuhi limepotea. Wakampeleka zahanati wakaambiwa ni homa za msimu, wakapewa dawa ya maji, na kweli alichangamka kidogo. Halafu kichwa kikaanza kumuuma. Mwalimu akamrudisha nyumbani kwa kuwa alikuwa akifunika macho darasani, akisema jua linampigia kelele.

Asubuhi moja mama yake alikuwa akimchana nywele. Akamwambia, inamisha kichwa, mwanangu. Mtoto akasema, hakiinami. Mama akadhani ni utundu, akamsukuma kisogo kwa kidole, na shingo ikagoma kama ubao. Kitinda akapiga ukelele ambao mimi niliusikia nikiwa jikoni kwangu.

Wakampeleka hospitali kuu, ile ile. Mama Karibuni alivuka barabara na mtoto mgongoni, akipita mbele ya kaunta yake mwenyewe, na wageni waliokuwa wamekaa nje wakinywa chai wakamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wao. Wakamtoa mtoto maji ya uti wa mgongo. Wakampiga picha ya kifua. Daktari, kijana aliyeonekana hajalala, akamketisha mama kwenye benchi la korido.

"Mama, nyumbani kuna mtu anayekohoa? Mtu mzima, aliyekohoa kwa muda mrefu?"

Aliniambia baadaye kwamba kwanza alitazama sakafu, akaona jinsi ilivyodekiwa vizuri.

"Alikuwepo mgeni," akasema.

Daktari akamwita nesi wa kliniki ya kifua. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alipotajiwa mchimba visima alimkumbuka papo hapo.

"Yule mrefu? Yule hakukaa kwa mtu. Nilimuuliza mara kwa mara, unakaa wapi, unalala na nani, kuna watoto? Alisema yuko peke yake nyumba ya wageni hapo ng'ambo." Akavua miwani. "Angesema yuko penye mtoto, tungempa mtoto dawa za kumkinga. Ni vidonge vidogo tu, Mama. Wanameza wengi." Halafu akamwona uso, akamshika bega. Lakini lilikwisha kusemwa.

Ule ugonjwa ulikuwa umepanda kichwani. Kitinda aliongea siku za mwanzo, maneno ya hapa na pale. Alitaka kujua kama pale wodini wageni ni wao au ni manesi. Baadaye akaacha kuuliza, na nyumba nzima ya watu waliozoea maswali yake ikakaa kuzunguka kitanda, ikingoja moja tu. Akafa adhuhuri, baba yake akiwa ametoka kwenda kutafuta maziwa.

Seremala hakuweza kutengeneza jeneza. Alichukua mbao, akazipima, akaziweka chini. Fundi mwenzake wa mtaa wa pili akalitengeneza, akalileta. Seremala alilikagua, akaona kifuniko hakikukaa sawa pembeni, akakitoa, akakipiga randa upya hadi kikakaa. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya wiki ile.

Msiba ukapita, na midomo ikafunguka. Mtaa wetu, sisi tulioshiba katika nyumba ile, tukapata neno jipya la kumwita. Wengine walisema ukarimu wa kijinga. Wengine walisema amemleta muuaji kwa mkono wake mwenyewe, akamtandikia kitanda. Bombani wanawake walisogeza ndoo zao kidogo alipofika, si kwa chuki, bali kama mtu anavyosogea kumpisha mwenye mzigo mkubwa. Nyumbani, mama mkwe, aliyeonya tangu mwanzo, hakusema. Hakusema "niliwaambia," si siku ile, si baadaye. Mama Karibuni aliniambia kwamba afadhali angesema, yeye angepata la kujibu. Ule ukimya ulikaa mezani kila walipokula.

Seremala akachukua nyundo, akabomoa ukuta wa chumba cha uani, akatoboa dirisha kubwa kupita kiasi. Jua likaingia mpaka pembeni. Hakuna aliyekaa humo.

Mchimba visima hakujua lolote. Kwao ni mbali, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpelekea habari. Mavuno yalipoisha akaja mwenyewe, alasiri moja, bila kutoa taarifa. Mimi nilikuwa pale, nimekwenda kuazima kinu. Tulisikia hodi, na kabla hatujaitika tukaona mtu amejaa mlangoni, shingo imenenepa, amebeba gunia la karanga begani. Kwa mkono wa pili alishika kamba ya kuruka aliyoisuka kutokana na kamba ya kisimani, vishikio vyake vimechongwa kwa mti mweupe.

"Dada yangu," akasema. "Mwenyeji wangu. Hamnitambui? Nimepona." Akatazama uani. "Mwenzangu yuko shule?"

"Kaa," Mama Karibuni akasema.

Akakaa, kamba mapajani.

"Alikufa."

"Nani?"

"Uliyemuuliza."

Yule mtu alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa kifua. Kilimpanda kichwani."

Akainua mkono, akafunika mdomo wake, kama nesi alivyokuwa amemfundisha kufanya anapokohoa. Akabaki hivyo.

"Nesi alikuuliza unakaa wapi," Mama Karibuni akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kaunta, ya chini, isiyoharakisha.

"Aliniuliza."

"Ukasema?"

"Nilisema niko nyumba ya wageni."

"Kwa nini?"

"Niliogopa." Alizungumza na mkono bado uko karibu na mdomo. "Nilidhani nikisema niko kwa watu, watakuja hapa, watawatisha, mtanitoa. Nilikuwa nimeshatolewa mara moja, dada yangu."

"Aliyekutoa ni mimi."

"Si wewe, ni—"

"Ni mimi niliyekuja mlangoni kukuambia. Na ni mimi niliyekuleta hapa. Nami najua mtoto wangu alikuwa akiingia mle chumbani. Nilikuwa nakuta nyayo zake ndogo za tope kwenye mbao, nikajifanya sioni, kwa sababu nilipenda alivyokuwa akicheka." Akanyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa kimenyooka. "Nimejaribu kuutenganisha mzigo huu, wako huku, wangu huku. Hautengani."

"Nifanye nini?" akauliza.

"Sijui."

Seremala akatokea kutoka karakana. Alikuwa amemwona akipita, alikuwa amesimama nyuma ya mlango kwa muda gani sijui. Msumeno ulikuwa mkononi, na mchimba visima akautazama, nami nikautazama, lakini mwenyewe alikuwa amesahau kwamba ameushika.

"Ondoka, ndugu yangu," akasema.

Ingekuwa afadhali asingesema ndugu yangu. Mchimba visima akasimama. Hapo ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani kwake, nzito, ya mtu aliyekaa kimya mno.

"Mpeni maji kwanza," akasema. "Ametoka mbali."

Mama Karibuni akaenda mtungini, akateka, akampa. Yule mtu akakishika kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni. Akakirudisha kikiwa kimejaa, akashukuru, akatoka. Gunia aliliacha mlangoni. Kamba aliondoka nayo, naamini bila kujua kwamba anayo, ikiburuta kishikio kimoja vumbini nyuma yake. Hatukumwona tena. Karanga hakuna aliyezigusa. Mvua zilizofuata zilizikuta pale pale, zikachipua ndani ya gunia.

Mama Karibuni alirudi kazini. Alifanya kila alichokuwa akifanya, ila aliongeza jambo moja. Alianza kusikiliza korido.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyepanga chumba cha karibu na bafu pamoja na mjukuu wake wa kiume. Bibi alikuwa akienda kliniki ya kifua kila asubuhi, akimwacha mtoto akicheza na vizibo vya chupa mlangoni. Mama Karibuni akamuuliza polepole, "Bibi, umewaambia kule kwamba unalala na mtoto?"

"Hayo yanakuhusu nini?" bibi akasema. "Nikiwaambia watamchukua. Ndiye niliyebaki naye."

"Hawatamchukua. Watampa dawa."

"Wewe kaa na funguo zako."

Mama Karibuni akavuka barabara, akamwambia nesi. Siku iliyofuata nesi akaja na miwani yake na kamba yake, akaingia chumbani kwa bibi. Hakuna aliyemchukua mtoto. Akapewa vidonge, akavimeza, akafinya uso. Lakini korido nzima iliona koti jeupe, na korido nzima ikajua. Bibi alipokuwa akihama alisimama mbele ya kaunta.

"Nilidhani wewe ni mwenyeji wa watu," akasema. "Kumbe mchongezi."

Mama Karibuni akamwambia tu, "Asiache kumeza, Bibi. Hata akionekana mzima, asiache."

Akafanya hivyo tena, na tena. Kila aliyekohoa akiwa na mtoto, nesi alikuja. Habari zikatembea kuliko nesi. Watu waliposhuka kwenye magari na mabegi yao wakaambiwa usiende pale, yule mama wa kaunta anakupeleleza, nenda nyumba ile ya kona. Vyumba vikaanza kulala wazi. Tajiri akavumilia, maana moyo mbaya hakuwa nao, na msibani alikuja. Mwishowe akamwita.

"Nilikuajiri upokee," akamwambia kwa sauti yake ndogo. "Sikukuajiri upeleke."

"Tajiri, wewe una wajukuu."

"Ninao. Na chakula chao kinatoka kwenye korido hii." Akatazama chini. "Mimi sisemi kosa ni lako. Nasema huwezi kukaa hapa."

Mama Karibuni akatundika funguo kwenye misumari, kila moja mahali pake, akatoka.

Sasa anafua. Mashuka ya watu, nguo za watu, kwenye beseni kubwa uani, na seremala humsaidia kukamua mablanketi. Hawaongei sana, lakini nimemwona mumewe akimfunika mabega jioni baridi inapoingia, bila yeye kuomba. Mama mkwe alifariki, na kabla hajafariki alimwita mke wa mwanawe akamshika mkono siku nzima, bila kumwambia neno. Wageni hawaji. Sisi majirani tunaingia, lakini tunasimama, tunaeleza shida yetu, tunaondoka.

Nesi ndiye anayemfuata. Kuna nyumba ambazo mlango haufunguki akigonga mwenye koti jeupe, basi humwomba Mama Karibuni amtangulie. Hakuna malipo wala cheo. Anafunga kitambaa kichwani, anaacha nguo zikiwa zimelowekwa, anakwenda. Milango mingi hufungwa usoni mwake. Mara moja alimwagiwa maji ya vyombo.

Juzi nilimsindikiza. Nyumba ilikuwa nyuma ya soko, mlango wa mabati, na ndani mwanamume alikuwa akikohoa kwa namna ambayo mimi mwenyewe sasa ninaijua. Mwanamke akafungua kidogo, upana wa uso, akaziba nafasi iliyobaki kwa mwili wake.

"Semea hapo hapo," akasema.

Mama Karibuni akasemea hapo hapo, jua likimpiga utosini. Alimweleza kuhusu vidonge. Alimweleza kuhusu dirisha. Yule mwanamke alimsikiliza kama mtu anayehesabu lini atafunga mlango. Mama Karibuni akamwambia habari za Kitinda, kwa maneno machache, bila kulia, kama anavyowaambia wote, na nikaona mkono wa yule mwanamke ukilegea kwenye bati.

"Watoto wako wako wapi?" Mama Karibuni akamuuliza.

"Wameenda shule. Mdogo yuko ndani na baba yake, amelala."

"Mtoe nje," akasema. "Nesi yuko njiani. Nitangoja na mtoto hapa."

Ndani kikohozi kikaanza tena, kirefu. Kilipoisha, mwanamke akageuka, akaingia, akarudi na mtoto amelala begani, akamkabidhi Mama Karibuni juu ya kizingiti, naye akampokea.